Ndege Aliyeonekana kwa Masikio

Bwawa lile lilikuwa mwendo wa siku nzima kutoka mjini. Palikuwa na viwanja vitatu vya kupigia hema, choo kimoja cha shimo, kibanda cha kutazamia ndege, na mlinzi aliyeitwa Macho. Jina hilo alilipata ujanani, kwa kumtambua mdiria ng'ambo ya maji wakati wageni wenye darubini za bei mbaya bado wanauliza, "Wapi?" Jina likabaki, macho yakaondoka. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, mwaka wa tatu sasa, na aliyejua ni mkewe peke yake.

Asubuhi Macho alifagia viwanja kwa mazoea ya miguu, akajaza pipa la maji, kisha akaketi kibandani, darubini shingoni kama hirizi, akasikiliza. Kila ndege alimjua kwa sauti. Jioni alimtajia mkewe, naye akaandika katika daftari la ofisi, lenye safu mbili: ameonekana, amesikika. Macho alitaka wote waingie safu ya kwanza. Mlinzi wa ndege asiyeona angefungashiwa virago siku hiyohiyo, na mahali pengine pa kuishi hakuwa napo wala hakupataka. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, ila hii ya Macho ilikwenda miaka mitatu bila kona.

Asubuhi moja akasikia matetini sauti ya kukuziwa mwenye madoa, ndege aliyetoweka bwawani miaka kumi na moja. Mwili ukamsisimka. Mgeni mmoja alikuwa amesimama karibu, kimya, lakini Macho hakumjali. Jioni akamwambia mkewe, "Andika. Mmoja. Ameonekana."

Ofisi ikamtuma mtaalamu wa ndege kumtafuta kukuziwa huyo, mwanamke kijana mwenye hema dogo. Siku tatu aliingia kwenye tope hadi kiunoni, akatoka na ruba wamemganda miguuni, wala hakulalamika.

"Mimi nimesoma chuoni kwa daftari lako, mzee," alimwambia. "Ukisema umemwona, yupo."

Siku ya nne sauti ikasikika tena. Macho akanyanyuka. "Ndiye huyo. Sikia anavyokwama katikati, halafu chura nyuma yake, kama siku ile."

"Hii ni simu yangu, mzee. Ni sauti iliyorekodiwa, tunaicheza ili ndege ajibu. Wageni wengi wanayo."

Macho akaketi. Akamkumbuka yule mgeni aliyesimama karibu asubuhi ile. Angeweza kunyamaza, ndege ana mabawa, nani angemuuliza Macho kaenda wapi? Lakini binti wa watu alikuwa anavaa tena buti zake.

"Usiingie, mwanangu," akasema. "Sikumwona. Nilisikia simu. Mimi sioni."

"Huoni ndege?"

"Hata wewe sikuoni. Naona kivuli kinavaa buti."

Mtaalamu akavua buti. Hakufoka. Aliomba daftari, akaketi mezani na mume na mke, akaanza kuwahamisha ndege wa miaka mitatu, mstari kwa mstari, kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili. Macho alijibu kila swali huku aibu ikimchoma. Wakafika kwa yangeyange.

"Yangeyange sitini na wawili. Hawa wakila hawapigi kelele. Uliwasikiaje?"

"Hao nilikisia," Macho akasema. "Lakini nilisema arobaini."

"Alisema arobaini," mkewe akadakia. "Nikaandika sitini na wawili, kwa sababu ndio waliokuwepo. Kila siku nilikwenda kuhesabu, najifanya nateka maji. Wa kimya wote nimewaona mimi. Huyo wa matetini tu sikumwona, nikamwamini yeye."

Macho akamgeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kwenda kibandani. Nikuone umekaa ndani kutwa, unasikiliza sufuria?"

Mtaalamu akasema ripoti yake itaeleza yote kama yalivyo, na ofisi itaamua.

Mwezi uliofuata barua ikaja. Macho ameachishwa kazi, na nafasi yake amepewa mkewe. Hawakuhamisha hata kijiko. Mkewe alimsomea barua yote hadi mhuri, kisha akamwambia kwa sauti ya bosi kwamba viwanja havijafagiwa. Macho akaenda kufagia, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka mitatu.