Saa Sita na Dakika Arobaini

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijivunii, wala sioni haya sana. Nimekulia Iringa mjini, nyuma ya duka la vitambaa la baba yangu, na katika nyumba ile mtu aliyesema amesahau kufunga mlango alitazamwa kama aliyesema ameuchoma. Mama alikuwa akiweka njiti ya kiberiti juu ya kopo la sukari, ajue nani kalifungua. Alikamata wengi kwa njiti ile, na wa kwanza nilikuwa mimi. Kwa hiyo nilipohamia Mbeya kufanya kazi ya kutunza mafaili, nilifika nikiwa nimeshapata mafunzo.

Ofisi yetu ya Mbeya ilikuwa chumba kimoja na watu wawili. Mradi wenyewe ulikuwa wa kurekodi wazee wa vijijini wakisimulia maisha yao, kila mmoja kwa lugha aliyozaliwa nayo, na kuhifadhi sauti zao mtandaoni. Makao makuu yalikuwa Iringa, chini ya mama mmoja mzaliwa wa Kalenga ambaye tulimwita mama mbele yake na bosi akishaondoka. Mwenzangu wa Mbeya alikuwa dada mmoja Msafwa, binti wa wakulima, aliyeshuka kila asubuhi kutoka milimani na kikapu mkononi. Yeye aliandika na kutafsiri yaliyosemwa. Mimi nilipandisha mafaili.

Mwanzoni nilitumia ukurasa wa kawaida wenye picha na vitufe. Mtandao ukiyumba kidogo kazi inakatika, unaanza upya, na kwetu mvua ikinyesha mtandao nao huingia ndani kujikinga. Bosi ndiye aliyenifundisha kutumia dirisha jeusi. Pale huna cha kubofya. Unaandika amri kwa maneno, unabonyeza enta, na kompyuta inatenda. Kuna amri ya kuorodhesha vilivyomo mtandaoni, kuna ya kunakili, na kuna ile niliyoipenda zaidi, ya kulinganisha, inayotazama folda zako na zile za mtandaoni, kisha inazifanya za mtandaoni ziwe kama zako. Ukibonyeza kishale cha juu, amri uliyotumia mara ya mwisho inarudi yenyewe, husumbuki kuiandika tena. Nililiamini dirisha lile kuliko nilivyowahi kumwamini mtu. Halikuwa na maneno mengi wala halikuniuliza kama nina uhakika.

Baba yake yule dada alikuwa mmoja wa tuliowarekodi. Tulikaa jikoni kwake zaidi ya saa nzima, akichochea moto na kugombana na kila kitu: ng'ombe wa jirani, mchungaji anayehubiri hadi watu wanasinzia, viazi vya siku hizi visivyo na ladha. Miezi michache baadaye akafariki. Hakukuwa na sauti yake nyingine popote duniani. Binti yake alikuwa ameshayaandika maneno yote, lakini maneno ya kwenye karatasi hayakohoi wala hayacheki. Familia ilipopanga Jumamosi ya kujengea kaburi, akaniomba nimtolee ile sauti, ndugu zake wote waisikie siku hiyo. Wengine walikuwa mbali alipofariki na hawakuwahi kuagana naye. Nikamwahidi.

Kisha akaongeza jambo ambalo lilinikaa.

"Kaka, pale anapotaja wa kurithi shamba la chini, huwezi ukakata kidogo? Wadogo zangu wakisikia siku ile itakuwa vurugu."

Nikamwambia hatukati sauti za watu. Akasema basi, haina shida, akarudi kwenye kazi yake. Mtu mwingine angesahau. Mimi niliweka njiti yangu ya kiberiti juu ya neno lile.

Ijumaa moja asubuhi kompyuta yangu ikalalamika kwamba imejaa. Nikafuta humo folda moja, kubwa kuliko zote, ile ya mzee huyu, kwa kuwa yeye tulimpiga na video. Sikuwa na wasiwasi, ilikuwa salama mtandaoni. Jumatatu yake nikafungua dirisha jeusi nimtolee dada sauti yake, nikaandika amri ya kuorodhesha. Folda zote zilikuwepo. Ya mzee haikuwepo.

Niliandika tena, polepole, herufi kwa herufi. Haikuwepo. Nikageuza shingo, nikamtazama dada. Alikuwa anaandika huku amevaa visikizi, anatabasamu peke yake kwa alichokuwa anasikia. Nikajisemea moyoni: shamba la chini.

Sikumwambia kitu. Nilimwandikia bosi, nikamwomba kumbukumbu za mfumo, yaani orodha inayoonyesha kila kilichofanyika na saa kilipofanyika. Akanitumia. Mstari ulikuwa mmoja: folda imefutwa, Ijumaa, 12:40, kwa nywila ya ofisi ya Mbeya. Nywila hiyo tulikuwa nayo wawili tu.

Mswahili akiona 12:40 hahitaji kalamu. Tangu darasa la kwanza tunasoma saa ya mzungu na kuigeuza kichwani: saa sita na dakika arobaini mchana. Na Ijumaa saa sita na dakika arobaini mimi nakuwa msikitini, khatibu yuko mimbarini, simu nimezima. Ofisini anabaki mmoja. Nilikaa na karatasi ile mbele yangu, nikajisikia raha. Nasema ukweli, nilijisikia raha. Mtu wa kushuku huishi miaka mingi akiambiwa anazua, na siku anapopata mstari mmoja wenye saa na dakika, hujiona amelipwa haki yake.

Wiki mbili zilizofuata sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilichunga. Nilikuwa nikitega kiti changu pembeni ya meza kwa kipimo cha vidole vinne, nikitoka na kurudi napima. Nilimtuma dukani kununua vocha, akiwa nje natazama alichokuwa amefungua kwenye kompyuta yake. Kilikuwa Kisafwa kitupu. Dada akauliza sauti ya baba yake itakuwa tayari lini.

"Wewe ndiye unayejua zaidi," nikamjibu.

"Mimi najua nini, kaka?"

"Basi tu."

Kila siku yeye alileta viazi vya kuchemsha na parachichi, akavifungua mezani, akasema karibu, tukala wote. Nikaacha kula. Siku ya kwanza nikasema tumbo. Siku ya pili nikasema nimefunga.

"Umefunga Jumatano?" akauliza. Alikuwa Mlutheri, lakini kwa kukaa nami alishajua kwamba mimi funga zangu za sunna ni Jumatatu na Alhamisi. Alifunika chakula chake, hakula na yeye.

Mwisho nikatega mtego mkubwa. Ijumaa asubuhi, nikiwa nimetazama saa ya ukutani kabisa, saa nne na dakika tano, nilipandisha mtandaoni faili tupu nililolipa jina la kuvutia, jina la kijiji chao na maneno shamba la chini. Nikajua hatavumilia. Atalifungua au atalifuta, na mstari utaandikwa. Jumatatu nikapanda basi la asubuhi kwenda Iringa kumshtaki kwa bosi uso kwa uso. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Tulipofika Chimala watu walishuka kununua mchele, mimi nikabaki kwenye kiti nikitafuta neno la upole zaidi kuliko mwizi.

"Kamwene," bosi akanisalimu kwa Kihehe, na mimi nikaitikia nikiwa nimeshatoa karatasi zangu. Nilimweleza yote, kuanzia shamba la chini hadi viazi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akageuza kompyuta yake, akafungua kumbukumbu za mfumo za Ijumaa ya mtego.

Hakukuwa na mstari wa kufungua wala wa kufuta. Kulikuwa na mmoja tu, wa faili langu tupu kupandishwa, na pembeni yake 07:05.

Nikaruka kwenye kiti. "Umeona? Saa moja na dakika tano! Mimi saa moja nilikuwa nyumbani nakunywa chai. Anaingia mapema, anajifanya mimi!"

"Wewe ulilipandisha saa ngapi?"

"Saa nne na dakika tano. Niliangalia saa ya ukutani."

Bosi alinitazama kama daktari anayetafuta namna ya kuanza. "Hii mitambo haiko Tanzania," akasema. "Inaandika saa ya dunia. Sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ongeza tatu."

Nikaongeza. Saa moja na tatu, saa nne. Faili langu, mkono wangu.

Hakuna aliyeniambia niongeze tatu kwenye ule mstari mwingine. Niliongeza mwenyewe. Saa sita na dakika arobaini, ukiongeza tatu, inakuwa saa tisa na dakika arobaini alasiri. Ijumaa saa tisa dada huondoka awahi gari la kupanda kwao. Ofisini anabaki mmoja. Kila Ijumaa alasiri, kabla sijafunga, huyo mmoja hufungua dirisha jeusi, anabonyeza kishale cha juu, anabonyeza enta.

Nilijua hata kabla bosi hajafungua kumbukumbu za siku ile. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimesafisha mafaili yaliyojirudia, na kwa kazi hiyo niliiongezea amri ya kulinganisha neno moja la kuruhusu kufuta. Ukiwa na neno hilo, chochote kisichokuwepo kwenye kompyuta yako kinaondolewa na kule. Ijumaa yake asubuhi nilimwondoa mzee kwenye kompyuta yangu. Alasiri nikabonyeza kishale cha juu, na amri ikarudi kama nilivyoiacha, pamoja na neno lake. Niliona mistari ikipita. Nilikuwa natafuta viatu vyangu.

"Lakini vinarudi," nikamwambia bosi. "Vilivyofutwa vinarudi, si ndiyo?"

"Vinakaa siku kumi na nne," akasema, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuandika. Ilikuwa siku ya kumi na saba. Aliandika amri ya kuorodhesha vilivyofutwa, dirisha likarudisha mstari mtupu. Akaandika tena kwa njia nyingine. Mtupu. Nikaiweka mikono chini ya mapaja kama mtoto.

"Kwa nini hukuniambia siku ile ya kwanza?" nikauliza, na sauti ilinitoka ya kulaumu. Hata pale bado nilikuwa natafuta mtu.

"Nilidhani nakala unayo," bosi akasema. "Uliniuliza nani kafuta. Hukuniuliza kama vinarudi."

Nilirudi Mbeya siku iliyofuata. Kwenye basi nilipekua simu yangu tangu mwanzo hadi mwisho, na karibu na Chimala nikapata kitu. Siku ile jikoni kwa mzee, kabla hatujaanza, nilijaribu sauti kwa simu nikamtumia bosi, aniambie kama moto na sufuria havisikiki mno. Kilikuwepo bado kwenye mazungumzo yetu. Sekunde kumi na moja. Nilikisikiliza mara moja tu, sikuthubutu mara ya pili, nikihofu kidole changu.

Asubuhi nilimkuta dada ofisini. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuona kama ninastahili kukaa. Nilimwambia kuhusu kishale, kuhusu saa tatu, kuhusu siku kumi na nne. Nilimwambia pia kuhusu kiti na vidole vinne, ingawa hakuna aliyenilazimisha.

"Kiti nilijua," akasema. "Nilikuwa nakisogeza nikifagia, halafu nakirudisha palepale, ili usikasirike." Akaweka kalamu chini. "Mimi nilijua ni wewe umeifuta. Tangu siku ulipoacha kula. Nikasema, huyu kaipoteza, anaogopa kuniambia, ngoja nimpe muda aitafute. Nikakupa muda, kaka."

Nikampa simu. Hakuiweka sauti ya juu, aliibana sikioni. Nilijua anachosikia: kifuniko cha sufuria, kikohozi, kisha baba yake, kwa Kiswahili chake cha kunihurumia mimi mgeni, anasema, "Sasa niseme nini? Wewe uliza tu, mimi nipo."

"Ni hiyo tu?" akauliza.

"Ni hiyo tu."

Akasikiliza tena, na tena. Jumamosi ilikuwa bado siku tatu. Alijitumia sauti ile kwenye simu yake, akaiweka na kwenye flashi mbili, mbele ya macho yangu, bila kunipa nishike hata moja. Kisha, mchana ulipofika, akafungua kikapu, akatoa viazi na parachichi, akavipanga mezani palepale katikati yetu kama kila siku. Nilikuwa nina njaa, nilikuwa sijala tangu Iringa. Nikavuta kiti, nikanawa mikono, nikakaa nikisubiri.

Akamenya kiazi cha kwanza, akakila taratibu hadi kikaisha, akachukua cha pili. Hakusema karibu.