Pingu Zilizosubiri Mazishi

Mazishi ya mama mmoja kule Kasoli hayanitoki akilini, mwanangu. Siku hizi ninyi wapelelezi vijana mnamsaka mtoro kwa simu, na mkiikuta imezimwa mnakata tamaa. Sisi tulifuata misiba. Mtu anaweza kukimbia mke na shamba, lakini akisikia mama yake amefariki, roho haitulii mpaka afike.

Masanja na mwenzake ambaye hatukumjua walimuua mchungaji wakiiba ng'ombe, wakatoweka. Mama yake Masanja alipofariki, mkuu wangu, Sajenti Mhoja, alinituma nikae na akina mama msibani, nimejifunga khanga, pingu nimezificha kiunoni.

Jeneza lilipotolewa nikamwona Masanja kati ya wabebaji, amekonda, ndevu zimemjaa. Nikainuka. Mhoja, aliyekuwa amesimama karibu, akanishika mkono.

"Kaa, mayu," akaninong'oneza, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mwache amzike mama yake."

"Akikimbia, afande?"

"Tutamtafuta tena."

Nilikasirika, na niliogopa. Nyuma ya kaburi kulikuwa na mashamba ya pamba mpaka macho yanaishia. Mjane wa yule mchungaji alikuwa haachi kuja kituoni kuuliza tumefikia wapi, na mimi ndiye niliyemjibu. Ningemtazamaje?

Masanja akashika koleo, akafukia mpaka udongo ukainuka. Kisha, kumbe alishatutambua, akaja mwenyewe tulipokuwa, akanyoosha mikono.

"Twendeni," akasema.

Mjomba wake, mzee mwenye mji ule wenye msiba, alitufuata hadi kwenye gari. Akamwambia Mhoja, "Mmetuacha tumzike dada yangu. Yule wa pili mnayemtafuta ni mwanangu. Yuko Nassa, anavua samaki."

Akarudi msibani taratibu. Nililia njia nzima hadi Bariadi, na sioni aibu kukwambia.

Mwanangu, mtoro anafichwa na watu, na ni watu hao hao watakaokuonyesha alipo. Ukifika kwao salimia kwanza, ngoja wamalize kulia, wala usimdhalilishe mtu mbele ya ndugu zake. Mjane yule alipata haki kwa sababu mzee mmoja alituona tuna utu, akamtoa mtoto wake wa kumzaa. Ningezitoa pingu zile pale kaburini, angefunga mdomo mpaka leo.

Nenda kazini, Mungu akutangulie. Akupe macho makali, akuepushe na pupa, na akurudishe nyumbani salama.