Kopo la Mbuvi

Ndunge alikuwa amekaa na Mbuvi, muuza mbuzi wa Ikutha, miaka ishirini na sita, na kumpenda alishaacha zamani. Alipika, akafua, akanyamaza. Nyumba ile ilikuwa na mdomo mmoja tu, wa mwanamume.

Kaka yake Mbuvi alipokufa kwa saratani ya utumbo mpana, watafiti walikuja kanisani kuomba ndugu zake watoe choo kikapimwe. Walieleza kwamba uvimbe ukiwa bado mdogo, kabla haujawa saratani, huacha alama za protini kwenye choo, na ukionekana mapema hivyo hukatwa, mtu akapona. Mbuvi, kwa kupenda sifa, akawa wa kwanza kusimama. Kufika nyumbani akagwaya. Mtu akishika choo chako si anakuroga? Basi akamtupia Ndunge lile kopo la choo alilopewa na watafiti, akamwambia ajaze yeye.

Hebu fikiria. Kama ni kurogwa, arogwe mke. Ndunge alijaza, akafunga kifuniko, na siku hiyo akaanza kumchukia waziwazi.

Miezi mitano baadaye, Mbuvi akiwa mnadani, simu yake ililia ikiwa kwenye chaji. Ndunge akapokea. Aliyepiga alikuwa nesi wa ule utafiti, akiuliza mbona Mbuvi haji, na ameshapigiwa mara tatu. Zile protini zilipatikana, na ni lazima afike hospitali ya Kitui kesho aangaliwe utumbo kwa kamera kabla mambo hayajaharibika.

Mara tatu! Mbwa yule alijua ugonjwa ni wa nani, akaendelea kula ugali wake.

Jioni alimuuliza, na Mbuvi hakukana hata kidogo. "Unataka soko zima lijue nilipeana mavi ya mwanamke?" akasema, kisha akaitisha maji ya kunawa. Ndunge alimmwagia beseni lote miguuni, akaenda kulala kwa dada yake Syombua.

Kesho yake alikuwa hospitalini Kitui. Kwenye benchi walikaa watu wawili wa Ikutha, mmoja wao mteja wa Mbuvi. Nesi alipoita jina la Mbuvi, Ndunge akasimama.

"Mbuvi aliogopa kurogwa," alisema, sauti ikifika mlangoni. "Mavi mliyopima ni yangu. Yake bado hayajapimwa."

Mteja akainamisha kichwa. Nesi alikata jina kwenye faili, akamuuliza lake.