Mjukuu Wangu si Mtumishi

Kosa ni langu, sibishani. Ila niacheni nianzie mbali, mdomo wangu haujui njia ya mkato.

Nilipokuwa mtoto kambini, kwenye shamba la mkonge, meneja alikuwa na mbwa. Mbwa mwenye sahani ya kauri, jamani! Sisi tunakula kwenye bati. Na aliyembebea ile sahani kila siku ni baba yangu, kwa mikono miwili, kama padri na kikombe. Jina la mbwa nalikumbuka hadi leo. La baba yangu, meneja hakuwahi kulijua.

Nikaapa: wa damu yangu hatabeba sahani ya mtu. Kiapo kizuri kweli! Nimezeeka nacho.

Sasa hapa Muheza nilikuwa na mjukuu, Beni, miaka kumi na sita. Tulikuwa tukimenya machungwa ya kuuza stendi, mimi na yeye. Viatu vyake vimeshonwa mpaka vimechoka kushonwa, na bado asubuhi anapiga mluzi. Mluzi! Ukiniudhi namwuliza, "Unafurahia nini wewe?"

"Babu, tumekosa nini? Sisi si watu kama watu?"

Mjinga huyu, nasema moyoni.

Rafiki yake Rajabu ni mtoto wa Bwana Sefu, mwenye malori. Dada yake Rajabu akaolewa. Beni akaja mbio, meno yote nje: "Babu, nimeambiwa nibebe masinia!"

Mimi nikaiona ile sahani ya mbwa.

Harusini nilikwenda, tena na koti langu la kanisani. Wanaume wamekaa mikekani, Beni huyo anapita na sinia la pilau, kanzu ya kuazima inaburura chini. Nikasimama.

"Weka chini! Sisi ni maskini, lakini mjukuu wangu si mtumishi wa matajiri!"

Nilisema vizuri, nawaambieni!

Bwana Sefu akainuka. Alikuwa amechutama na birika na beseni, anawanawisha wageni mikono. Yeye mwenyewe, mwenye malori!

"Shikamoo, mzee wangu," akasema taratibu. "Shughulini kwetu wanaobeba ni watoto wa nyumbani. Beni nimemwita kama nilivyomwita Rajabu." Na kweli, Rajabu kasimama pale na sinia lake.

Hata marahaba sikuitikia.

Nipeni hongera! Uwanja mzima ule, aliyemwona Beni mtumishi ni mmoja tu, babu yake.

Wazee wenzangu, kidonda chako cha zamani kikune mwenyewe. Usimwonjeshe mtoto ambaye hajaumwa. Akipiga mluzi, mwache apige!

Beni aliliweka sinia chini kama nilivyoamuru. Mtiifu sana! Akavua kanzu, akaikunja, akampa Rajabu.

"Babu," akaniambia, "mimi sikuwa najua kama sisi ni maskini."

Mlangoni akasimama kwenye lundo la viatu vya wageni. Akavitazama vyake kama anaviona mara ya kwanza. Akaviacha palepale, akashika barabara pekupeku. Nikamwita. Hakugeuka.

Viatu ninavyo. Mwenyewe hajarudi.