Shangazi Ardelia Aosha Nywele

Watu wa mtaa wetu wa Dellwood, hapa Memphis, husema shangazi yangu Ardelia ana kinyongo. Mimi sibishi. Ninawaambia tu kwamba kama wangeunguzwa kichwa vile alivyounguzwa yeye, kisha wakazushiwa uongo kanisani, tungeona wao wangesamehe baada ya siku ngapi.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Jumapili ya Pasaka alipangiwa kuimba peke yake mbele ya kanisa zima, na siku moja kabla yake bibi alimpeleka saluni akawekwe dawa ya kulainisha nywele. Mwenye saluni alikuwa amezidiwa na wateja, akamwachia binti yake kazi. Binti huyo ndiye Earline. Alikuwa na miaka ishirini, ana mchumba mpya, na saluni ilikuwa na simu yenye waya mrefu wa kufika mpaka jikoni. Akampaka shangazi dawa, akaenda na simu yake.

"Dada Earline, inaunguza," shangazi akaita.

"Ikiwasha ndiyo inashika! Tulia, mwanamke havumilii hata kidogo?"

Shangazi akatulia, kwa maana ndivyo tulivyolelewa sote. Tangu tukiwa wadogo tunaambiwa dawa ikiwasha ujue inafanya kazi, na anayelia mapema atatoka na nywele nusu zimelala, nusu zimesimama. Sisi ndio watu wa kukaa kwenye kiti tunaungua, huku tunajisifu kwa uvumilivu. Earline aliporudi na kumwosha, nywele za kichogo na za upande wote wa kushoto zilimbakia mkononi kama nyuzi za mahindi.

Pasaka ile akaimba mtu mwingine. Shangazi anasema hilo angelimeza. Asichoweza kumeza ni kwamba Earline, kwa kuokoa jina la saluni ya mama yake, aliwatangazia kina mama kanisani kuwa Ardelia alikuja tayari ana mapunye, kichwa kimeoza, dawa haina kosa. Mwaka mzima hakuna msichana aliyekaa karibu naye kwenye benchi. Tangu hapo shangazi alitaka kitu kimoja: Earline aseme ukweli kwa kinywa chake, mbele ya watu.

Akasubiri. Alipotimiza miaka arobaini, saluni imeshakuwa ya Earline, nyumba iliyotazamana nayo ikawa tupu, na shangazi akahamia. Alisema ameipendea kivuli. Kivuli gani! Jua la Tennessee linapiga baraza lile tangu asubuhi mpaka saa kumi.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi ya joto saa nne kamili, wateja wa Earline wakiwa wamejipanga chini ya madraya ya kukaushia nywele nyuma ya kioo kikubwa, shangazi alitoka na beseni, birika la maji ya vuguvugu na kiti cha plastiki. Alifungua kilemba. Hakuwa ametia dawa tena tangu siku ile, na nywele zake za kipilipili zilikuwa zimejaa kama mto wa kulalia. Akizivuta zinafika kiunoni, akiziachia zinarudi mabegani.

Aligawa kichwa mafungu manne. Shampuu aliipaka kwenye ngozi tu, na povu likajiteremkia lenyewe huko chini. Akisuuza, anajaza kondishena, anafumua mafundo kwa vidole kwanza, kisha kwa chanuo pana, akianzia nchani kwenda kwenye shina. Nywele zikiwa bado zinachuruzika anapaka mafuta kidogo, anasokota misokoto minene minane, anafunga kitambaa cha satini. Basi. Mpaka Jumamosi nyingine hazigusi, isipokuwa Jumatano huzinyunyizia maji. Dakika arobaini. Wanawake wa ng'ambo ya barabara waliomkuta anaanza, alipomaliza walikuwa bado wako chini ya draya, masikio yamewiva.

Earline alitundika pazia. Shangazi akafungulia redio nyimbo za injili, sauti juu, na wateja wakafungua pazia kutazama nani anaimba. Mwisho Earline alivuka barabara mwenyewe, na aproni yake.

"We Ardelia, huna bafu?"

"Ninalo. Zuri kweli. Karibu ulione."

"Unanifukuzia wateja!"

"Mimi? Nimekaa kwangu, naosha kichwa changu chenye mapunye. Kuna aliyekatazwa kupita?"

Mimi niliyekuwa nimekaa naye barazani nilicheka mpaka chai ya baridi ikanitokea puani. Earline alinitazama kwa jicho baya, akarudi zake.

Bi Maxine ndiye mteja wa kwanza kuhama. Alivuka na rola zake kichwani, akamwuliza shangazi anatumia nini. Shangazi akamwambia: maji, kondishena, mafuta, na kuizuia mikono. Bi Maxine hakuamini. "Hakuna siri nyingine?" "Siri ni uvivu, shoga. Ziache zipumzike." Baada ya mwaka Bi Maxine alikuwa na kichwa kilichojaa kama cha shangazi, ila nywele bado fupi, na dada zake wawili wamemfuata. Kila kiti kilichobaki kitupu kule saluni, shangazi alikihesabu kutoka barazani, na usingizi wake ukawa mtamu. Ndivyo anavyosema mwenyewe, haoni haya.

Alhamisi moja ya Agosti, mimi na shangazi tunamenya kunde jikoni, mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Earline, amevaa wigi na miwani ya jua.

"Tonette, tupishe kidogo," akaniambia.

"Tonette yuko kwake," shangazi akasema. "Sema."

Earline akavua wigi. Mungu anisamehe, nilitaka kupiga vigelegele. Miaka thelathini ya dawa, na juu yake gundi ya wigi, vilikuwa vimemlia nywele kuanzia paji mpaka katikati ya kichwa. Zilizobaki zilikuwa vishungi, kimoja hapa, kimoja kule.

"Nimeshindwa," akasema, sauti chini. "Nimejaribu kila kitu. Nisaidie, Ardelia. Hapahapa jikoni, asijue mtu."

Shangazi aliendelea kumenya kunde. Alimaliza ganda alilokuwa nalo, akachukua jingine.

"Nitakusaidia. Sitaki chochote chako. Jumamosi, saa nne, barazani."

"Barazani! Wateja wangu wote wataniona!"

"Ndiyo. Na atakayeuliza nini kilinipata miaka ile, utamjibu. Wewe, siyo mimi."

"Una roho mbaya."

"Nilikuwa na nzuri. Uliiosha pamoja na nywele."

Earline alivaa wigi lake, akatoka kwa mlango uleule. Nilimwambia shangazi huyo harudi. Akaniambia mtu mwenye kioo nyumbani atarudi tu.

Jumamosi niliwaletea watu viti. Sitadanganya, niliwapigia simu pia. Bi Maxine alikuja na dada zake. Saa nne na dakika tano Earline alivuka barabara, akakaa kwenye kiti cha plastiki akitazama saluni yake. Nyuma ya kioo vichwa vyote vilisimama. Alivua wigi akaliweka mapajani.

"Jamani, Earline," Bi Maxine akasema. Kisha akauliza alichotumwa na moyo wake, maana na yeye alikuwa kanisani Pasaka ile. "Basi ile habari ya mapunye?"

Earline alishika mikono ya kiti. Nilidhani atanyanyuka.

"Hakuwa na mapunye," akasema. "Nilikuwa kwenye simu. Aliniita nikamwambia avumilie. Niliwadanganya."

"Hawajasikia kule ng'ambo," shangazi akasema.

Earline akavuta pumzi, akasema tena, kwa sauti ya kuita mtoto aliye mbali. Mwanamke mmoja alitoka saluni na taulo lake shingoni, akasimama kando ya barabara akisikiliza. Nilimtazama shangazi usoni nikitegemea kuona amelainika. Wapi.

Alimwosha polepole, kwa vidole vyepesi, maji akiyapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Alimpaka kondishena, akamfumua, akamsokota vile vishungi vichache vilivyosokoteka, vitatu kwa jumla. Earline alikuwa analia, na wengine wetu tukaanza kutazama pembeni. Shangazi alipomfunga kitambaa, Earline aliinuka na wigi lake mkononi.

"Sasa umeridhika? Tumemalizana?"

"Tumemalizana vipi?" shangazi akamwaga maji ya beseni barabarani. "Nywele zinaota nusu inchi kwa mwezi, Earline. Mpaka zifunike hilo paji ni miaka miwili. Usipoziosha kila wiki hazioti, na mimi jikoni kwangu siweki mtu. Jumamosi ijayo saa nne, usinicheleweshe tena."