Uso wa Mtakatifu Nikola

Tangu tulipomzika Godelieve mwezi wa Septemba, mumewe Wilfried, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, hakudondosha chozi. Ukimuuliza hali anajibu, "Nipo," kama mwanafunzi anayeitwa jina darasani. Supu anainywa baridi. Sisi watu wa Aalst, hapa Ubelgiji, midomo yetu haina pazia, na wapo waliosema ana moyo wa jiwe. Niliwaambia wakapime yao kwanza.

Jambo moja tu lilimtoa ndani. Kila tarehe sita Desemba, sikukuu ya mtakatifu anayewaletea watoto zawadi usiku, mjukuu wake, Fien, hukuta kiatuni mwake Mtakatifu Nikola wa chokoleti, mwenye ndevu ndefu na jicho moja dogo kuliko jingine. Anaamini Mtakatifu mwenyewe ndiye amepita. Kumbe ni bibi yake, Godelieve, aliyekuwa akimmimina kwa kalibu ya bati aliyoachiwa na mama yake.

"Si ununue dukani?" nikamwambia.

"Wa dukani macho yake yako sawa. Fien atajua."

Basi Jumamosi nikamburura hadi kwenye warsha ya Annelore, binti mwenye duka la chokoleti nyuma ya kanisa. Tukamwaga chokoleti ya moto juu ya marumaru, tukaisukuma huku na huku kwa mwiko bapa mpaka ikapoa ikang'aa. Wilfried alifanya kila alichoambiwa, ila hakuonja. Akajaza kalibu yake, akaigonga ubavuni itoe mapovu, akamwaga iliyozidi, tukangoja igande.

Alipoifungua, mwili ulitoka mzima. Uso ukabaki kwenye bati.

"Mzee wangu," Annelore akauliza, "hii umeiosha?"

"Jana. Kwa sabuni. Ilikuwa na mafuta mafuta."

"Yesu na Maria! Hii haioshwi, inapanguswa kwa pamba tu! Hayo mafuta ndiyo yanayoiachia chokoleti. Ni ya miaka na miaka hayo."

"Ya Godelieve," akasema Wilfried. "Nimeyaosha."

Alisema vilevile anavyosema mvua inanyesha. Aliyelia ni mimi, tena mbele za watu, kamasi na yote. Akajaribu tena, pua ikakatika. Maji yakimwagika hayazoleki, nikajisemea, tukarudi nyumbani.

Mfuko wake wa taka ulikuwa nje unangoja lori. Akasimama mbele yake.

"Ile pamba," akasema.

"Pamba gani?"

"Ilikuwa ndani ya kalibu. Ya kahawia, chafu. Niliitupa."

Akapiga magoti palepale, akauchana mfuko. Maganda ya viazi yakatapakaa. Jirani wa ng'ambo akafungua dirisha: "We Wilfried, siku hizi umekuwa paka?"

"Funga dirisha lako, mbea wewe!" nikamjibu.

Akaipata. Donge dogo, bado lina mafuta yake, linanuka kakao. Akafungua kalibu, akaanza kupangusa taratibu, kwanza ndevu, halafu lile jicho dogo. Hapo mabega yakaanza kumtikisika.

"Usibonyeze," akasema, nami sikuwa nimegusa kitu. "Godelieve anasema usibonyeze."

Nikachuchumaa kando yake, nikaokota maganda.

Asubuhi ya tarehe sita Fien alimwinua dirishani Nikola tuliyemmimina upya, akamkagua kama polisi.

"Ni yuleyule," akasema, akamvunjia babu yake kipande cha fimbo ya huyo Mtakatifu.

Wilfried akala. Halafu akaomba kingine.