Jina la Mwenye Kadi

Miaka ile ya vita, waliokimbia uwanda wa Ruzizi walipewa kadi za chakula, nasi wenye maduka ya Kasenga tukapewa mashine za kuzisoma. Mashine yangu ilikuwa na masharti mengi kuliko mama mkwe. Mteja ataje kwanza jina la mwenye kadi, mashine irekodi sauti yake, nililinganishe na lililotokea kwenye kioo, ndipo namba ya siri ibonyezwe. Asipotaja, hapati kitu.

Asubuhi moja alikuja mama kutoka Luberizi. Nilimpimia mchele, maharage na mafuta, nikamwuliza jina.

"Kadi iko ya baba mukwe yangu," alisema. "Yeye iko mugonjwa, tunalala ku kanisa."

"Pole, mama. Jina yake?"

Akatazama chini. Hapo nikaelewa, nikakasirika, maana mimi si mtu wa subira na foleni ilikuwa imefika barabarani. Huko uwandani mke hataji jina la baba mkwe wake. Mama yangu mwenyewe alikufa bila kulitamka jina la babu. Lakini hilo ungeielezaje mashine?

"Taja tu," mwanamume mmoja wa nyuma alimtania. "Muzee iko mbali, hatasikia."

"Minye mwenyewe nitasikia," alijibu.

Akaacha chakula juu ya meza, akaondoka. Nilijua hawakuwa na kitu cha kupika, na moyo uliniuma. Jua lilipokuwa kali alirudi akisukuma baiskeli ya kuazima, mzee amekaa nyuma. Mzee akashushwa, akataja jina lake, akabonyeza namba. Mashine ikakubali.

Sikuweza kujizuia. "Muzee, mupe ruhusa aitaje. Utafia mu njia."

"Nilishamupa. Anakataa," alisema, huku akihema. "Na minye ninafurahi akikataa. Nyumba yetu iliungua. Ngombe zilienda. Mutoto yangu, bwana yake, hatujui kama iko muzima. Kwa uyu tu ndiyo ningali baba ya mutu."

Mama yule alikuwa ametugeuzia mgongo, anafunga mfuko wa mchele kwenye baiskeli. Nilitamani kumkumbatia, nikaona haya mbele ya watu.

Kadi zilipojazwa tena, sikuingoja baiskeli. Nilifunga duka, wateja wakinung'unika, nikaitia mashine kwenye kikapu pamoja na mchele, nikampelekea mzee kanisani ataje jina lake akiwa amelala.